Taa Mbili Zilizozima Pamoja

Jumanne, tarehe 14. Asubuhi mawingu mazito, manyunyu mpaka saa mbili, kisha jua la kuibia.

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba kile kikohozi cha kitinda mimba wenu kimeshapoa. Mwambie wifi kitambaa chake nimekishona, nimepata sketi na mabaki ya kufunikia cherehani. Mama hajambo. Magoti yanamsumbua kukinyesha, lakini kinywa hakina hata mafua. Jana alitumia saa nzima kunieleza kwa nini sufuria zangu hazing'ai kama za wanawake wenzangu. Mimi mwili haujambo. Mengine utayasoma.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nimeichagua barua kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, nami ningepata upenyo wa kujificha. Leo sikwenda gereji. Nimeketi mezani tangu saa moja asubuhi, shajara yangu iko mkono wa kushoto, na kila tarehe nitakayoitaja nimeitazama kwanza.

Ujumbe wako niliupata Ijumaa. Ulisema mwenye shule amekutafuta tena, anataka urudi kuendesha basi la watoto, na anangoja jibu mpaka mwisho wa mwezi. Ukasema utamjibu hapana, kwa kuwa mtu aliyeshindwa kuona taa nyekundu mbele ya pua yake hawezi kukabidhiwa watoto wa watu. Sentensi hiyo niliisoma mara tatu, kisha nikainakili kwenye shajara. Miaka minne sasa umekaa kwenye lango la ghala ukiandika namba za malori yanayoendeshwa na wengine, wewe ambaye Baba alikuwa akisema ukishika usukani hata chai iliyojaa kikombe haimwagiki.

Nakuomba usimjibu kabla hujaifikia sahihi yangu hapo chini. Ndiyo haja ya barua hii.

Nianze na kazi, maana mambo yalianzia huko. Bado niko kwenye banda letu lile la mabati, mimi upande wa ukutani, mpiga rangi upande wa barabarani. Nina meza niliyoitandika blanketi kuukuu, ya kulazia dashibodi kifudifudi zisichubuke vioo, na trei ya mayai ninayopangia skrubu kwa mpangilio wa kuzifungua. Mpiga rangi ananiita Mganga. Anasema yeye anatibu majeraha yanayoonekana, mimi naletewa magari yenye mashetani. Wateja wanacheka. Nami nilikuwa nacheka.

Jumatano ya tarehe 8 alikuja mkunga mmoja, mwanamke mnene mwenye haraka, aliyeanza kueleza shida yake kabla hajazima injini. Kila akiwasha taa kubwa za mbele, mshale wa joto unapanda, na mshale wa mafuta nao unapanda. Akasema amekuwa mtu wa pekee mjini, anajaza tangi kwa kubonyeza swichi. Kuhusu joto, akasema yeye huwapima watu homa kwa kiganja, na gari hili ameshalishika paji la uso, halina homa. Kwa hiyo anayeugua ni mshale. Nikampenda papo hapo. Akaongeza kwamba miezi miwili iliyopita geji yake ya mwendo ilikufa, na fundi wa mahali pengine akamtafutia dashibodi nzima ya mtumba kwa wauza vyuma chakavu, ya gari la aina ileile. Tangu hapo ndipo vituko vilipoanza.

Wewe unajua nilivyofundishwa. Geji mbili zisizohusiana zikidanganya kwa wakati mmoja, usizishuku zenyewe, shuku kile zinachochangia. Nikaweka mita kati ya waya wa hasi wa dashibodi na ncha hasi ya betri, nikamwambia awashe taa. Mita ikapanda zaidi ya volti moja mahali palipotakiwa kuwa karibu na sufuri. Nikaufuata waya ule mpaka mwisho wake chini ya usukani, nikakuta skrubu imekazwa juu ya rangi badala ya chuma. Nikakwangua rangi, nikakaza upya. Mishale yote miwili ikatulia. Mkunga akasema ahsante na kuanza kuokota mkoba wake.

Angeondoka hapo, kaka, labda barua hii isingeandikwa. Lakini nina desturi: nikishagusa dashibodi, simwachii mtu gari bila kuhesabu taa zake. Nafungua swichi bila kuwasha injini, natazama zote zinavyowaka, kisha nawasha na kutazama kila moja inavyozima. Hazizimi kwa pamoja. Taa ya oili huchelewa kidogo, mpaka msukumo wa oili upande. Taa ya breki haina shughuli na oili. Ina wakati wake yenyewe.

Nikawasha. Taa ya oili na taa ya breki zikazima kwa pamoja, kufumba na kufumbua.

Nikazima, nikarudia. Nikarudia mara ya tatu. Nikavuta hendibreki injini ikiwa inanguruma, na taa ya breki ilipaswa kuwaka, haikuwaka. Mkunga akasema tangu dashibodi ibadilishwe haijapata kuwaka akivuta hendibreki, alidhani balbu imeungua. Nikamwambia balbu ni nzima, tumeiona sote. 

Iko hila moja ya mafundi umeme ambayo hukupata kuijua, kwa sababu hakuna dereva anayeambiwa. Tunaita kuitia taa ganzi. Mtu anakuja na taa ya onyo inayomsumbua, na kesho ana ukaguzi wa gari. Ukiitoa balbu, mkaguzi ataona swichi ikifunguliwa taa ile haiwaki, atamkamata. Kwa hiyo unaikata njia yake ya kweli nyuma ya dashibodi, unaiunga kwa waya mfupi na taa ya oili. Swichi ikifunguliwa inawaka, injini ikishika inazima. Mkaguzi anaridhika, mwenye gari anaridhika. Taa inaonekana hai, kumbe haisikii chochote.

Nikamwomba mkunga anipe nusu saa. Nikaifungua dashibodi, nikailaza juu ya blanketi. Njia ya shaba ilikuwa imekatwa kwa wembe. Pembeni yake palikuwa na waya wa kijani, umekunjwa kama kiwiko kabla ya kulehemiwa ili usivutike. Hivyo ndivyo mimi ninavyokunja. Chini ya waya palikuwa na kipande cha utepe mweupe, na juu yake tarehe, na maneno matatu kwa mwandiko wa kalamu ya bluu: Muda tu. Rudisha.

Mwandiko ni wangu, kaka. Ile ni dashibodi ya gari la Baba, tuliloliuza chuma chakavu baada ya ajali.

Mpiga rangi alipita akauliza kama nimeona nyoka. Nikamjibu nimeona waya. Akacheka akaendelea na kazi yake.

Sasa nikurudishe nyuma, kwa sababu wewe hukuwepo. Wiki tatu kabla ya msiba, Baba alikuja gereji peke yake asubuhi. Mama hajui mpaka leo. Alilalamika kwamba taa ya breki inapepesa akikata kona, inawaka na kuzima kama mtu anayemkonyeza. Unakumbuka alivyokuwa na tabia ya kugonga kioo cha dashibodi kwa ukucha, mara mbili, kuamsha mshale uliolala. Aligonga mbele yangu akasema, "Mwambie huyu anyamaze, kesho nina ukaguzi."

Taa inayopepesa kwenye kona inasema jambo moja. Mafuta ya breki yamepungua mpaka ukingoni, yanayumba ndani ya chupa gari linapoegemea. Hilo anajua hata anayejifunza kazi wiki ya kwanza. Nilifungua chupa, nikakuta yamepungua, nikajaza. Kisha nikaamua kwamba kiboya cha ndani ya chupa, kinachoelea na kuwasha taa mafuta yakishuka, ndicho kibovu. Sikujiuliza yaliyopungua yalikwenda wapi. Mafuta ya breki hayanywewi, kaka. Yakipungua, ama pedi zimelika, ama pana mahali yanavuja. Nilipaswa kuinama na kutazama magurudumu yote manne. Sikuinama. Nilikuwa na magari mawili yanangoja, na mteja mwenyewe alikuwa baba yangu, wa kumwambia arudi siku yoyote.

Nikaitia taa ganzi. Nikaandika utepe. Nikamwambia Baba arudi baada ya wiki moja kiboya kipya kikifika. Nimefungua shajara yangu ya siku ile, na nakunakilia kama ilivyo: "Jua kali. Gari la Baba, taa ya breki, nimeiunga na ya oili kwa muda. Kiboya nimeagiza. Nikumbuke." Kiboya kilikuja baada ya siku nane. Nilimpigia Baba, akasema gari halina shida sasa, limetulia, kwa nini tulichokoze. Nikaacha. Kiboya hicho bado kipo kwenye droo yangu ya kazini.

Yaliyofuata unayajua kunizidi. Ulikuja kututembelea, jicho la Baba likawa linamwasha, ukamwambia akae abiria wewe umpeleke kwa daktari. Gari lile uliliendesha asubuhi ile moja tu. Hendibreki, ambayo ingekuonyesha kwamba taa imekufa, usingeigusa, kwani Baba hakuiamini, aliamini jiwe lake nyuma ya gurudumu. Kwenye mteremko wa kiwanda cha matofali ukakanyaga breki, mguu ukazama mpaka chini.

Mkaguzi aliyelichunguza gari aliandika kwamba chupa ya mafuta ya breki ilikuwa tupu, na bomba dogo la gurudumu la nyuma lilikuwa likivuja muda mrefu. Akakuuliza kama taa ya onyo iliwaka. Ukasema hukuiona. Alivyoandika ni kwamba dereva hakuzingatia onyo.

Siku ya tatu ya msiba wa Baba ulikuwa umekaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya nyumba, mguu umefungwa bandeji, fimbo mbili ukutani. Uliniita. Nilikuwa nimebeba karai la vyombo. Ukaniuliza, "Wewe ndiye fundi. Taa iliwaka, sivyo?"

Nikakujibu, "Kwa kawaida huwaka, kaka."

Ukainamisha kichwa. Jioni ile ukampa Mama leseni yako aiweke kabatini, na hujaiomba tena.

Nimelifikiria jibu lile kwa miaka minne, na sijapata kuona uongo ndani yake. Kila neno ni la kweli. Ndiyo maana lilinifaa. Sikukuambia ulikosa, niliacha ujiambie mwenyewe, kisha nikaenda kuosha vyombo. Nilijipangia kukueleza ukishapona mguu. Ulipopona nikasema baada ya arobaini ya Baba. Kisha wifi akajifungua, nikasema si wakati wa kumtia mzazi huzuni. Mtu akitafuta sababu ya kunyamaza hakosi. Na Mama, bila kujua, alikuwa akiniambia mara kwa mara kwamba laiti Baba angeniletea mimi gari lile nilitazame, angekuwa hai. Nilikuwa naitikia kwa kichwa. Mganga hajigangi, wanasema, lakini mimi hata ugonjwa wangu sikuutaja.

Usifikiri nililala raha. Nimeandika kwenye shajara siku zote ambazo nimesikia ukucha ukigonga kioo. Ni mara hamsini na moja. Huja mchana, nikiwa nimeinamia dashibodi ya mtu, injini imezimwa, betri imefunguliwa: mara mbili, taratibu, upande wa abiria. Mara ya kwanza nilitazama. Siku hizi sitazami. Nangoja kidogo, kisha naendelea na skrubu. Sisemi ni Baba. Nasema nasikia, na nimeandika tarehe. Tangu Jumatano sijausikia hata mara moja, na ukimya huo ndio ulioninyima usingizi kuliko kugonga kwenyewe. Usiku sita nimeketi kitandani nikisubiri.

Nirudi kwa mkunga, maana hakuwa ameondoka. Nilikata waya wa kijani, nikaunga njia ya shaba kama ilivyotoka kiwandani, nikairudisha dashibodi mahali pake. Nikawasha injini. Taa ya betri ikazima, taa ya oili ikazima. Ya breki ikabaki inawaka, nyekundu, haipepesi.

Mkunga akaniuliza kama nimeiharibu. Nikamwambia sasa ndiyo imepona. Tukafungua boneti, mafuta ya breki yalikuwa chini ya alama kwa vidole viwili. Mara hii niliinama. Pedi za mbele zilikuwa zimekwisha mpaka chuma kinagusa chuma. Akanieleza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba jana yake alimbeba mama mwenye uchungu wa uzazi kwenye gari hilo, kwa mwendo wa kasi. Akauliza ni fundi gani aliyefanya jambo hili.

"Mimi," nikamwambia.

Aliuweka mkoba wake chini. Nilidhani atanitukana, na nilikuwa tayari, nilikuwa nautamani hata. Akasema breki zitengenezwe basi, yeye atangoja. Akakaa kwenye benchi la mpiga rangi mpaka saa kumi, fundi wa breki wa banda la pili akibadilisha pedi. Nikamweleza yote huku nimesimama. Wa kwanza kuyasikia alikuwa mgeni, na kwa hilo nalo nakuomba radhi.

Alipokuwa anaingia garini akaniuliza, "Na ndugu yako anajua?"

Nikasema hajui.

"Nitapita tena mwezi ujao kukaguliwa hizi taa. Nitakuuliza."

Siku mbili baadaye ndipo ujumbe wako ukafika. Nakiri mbele yako, kaka, kwamba hata baada ya ule waya nilikuwa bado napanga namna ya kuahirisha. Nilijiambia gari la mkunga limetengenezwa, basi limekwisha. Kisha nikasoma kwamba utamjibu mwenye shule hapana, kwa ajili ya taa ambayo haikuwaka.

Kwa hiyo nalisema sawasawa, bila kawaida wala desturi ndani yake. Asubuhi ile taa ya breki haikuwaka. Isingeweza kuwaka. Ungeitazama kutoka nyumbani mpaka mteremkoni bila kupepesa jicho, usingeona kitu. Hukukosa kuiona. Niliizima mimi kwa mikono yangu, wiki tatu kabla, na ulipokuja kuniuliza nilikuficha. La kwanza lilikuwa kosa la kazi. La pili sina jina lake.

Nimeshaanza kufanya yanayofanyika. Kwenye shajara nimehesabu magari mengine tisa niliyoyatia ganzi maishani mwangu. Matano nimewapata wenyewe kwa simu, matatu kati ya hayo nimeshayafungua. Manne bado nayatafuta. Jumapili nitamweleza Mama. Nakuomba uniachie mimi nimwambie, usinitangulie. Jumatatu nitakwenda ofisi ya mkaguzi wa magari na shajara yangu, niandike maelezo, lile neno lao kuhusu dereva lifutwe. Watakalonifanyia watalifanya. Mpiga rangi nimemwambia huenda nikafungiwa banda. Hakuwa na mzaha wa kusema, mara ya kwanza tangu nimjue. Aliniuliza tu anihifadhie meza au aiache nje.

Sikuombi msamaha hapa. Ukinisamehe kwa barua nitadhani umechoka, na usiponisamehe utakuwa na haki. Ninalokuomba ni moja: mwandikie mwenye shule. Leseni yako nimeitoa kabatini kwa Mama asubuhi hii, nimemdanganya natafuta uzi, na huo uwe uongo wangu wa mwisho kwake kabla ya Jumapili. Imo ndani ya bahasha hii. Muda wake umepita, itabidi uihuishe, lakini picha bado ni wewe.

Nisalimie wifi, na watoto kila mmoja kwa jina lake. Mwambie mkubwa kwamba redio yake imepona, tatizo lilikuwa waya mmoja tu wa spika. Majirani wote wanakusalimu, na Mama anasema uache kula umesimama. Ukitaka kuja kunifokea, njoo siku yoyote, mlango uko wazi na nitakusikiliza mpaka umalize. Ila uje ukiendesha.

Ni mimi, mdogo wako.

Nimeongeza mstari huu saa kumi na moja jioni, kabla ya kuibandika bahasha. Nililala hapahapa mezani, kichwa juu ya karatasi, saa nane na robo mchana, bila kusubiri ukucha ugonge, usingizi wangu wa kwanza tangu Jumatano.